Mwalimu Aliyependa Kufundishwa

Katika nchi ya Bonde, upande ule ambapo milima ya Usambara huteremka kidogo kidogo kuelekea Muheza na mashamba ya michungwa, palikuwa na mwalimu wa kanisa ambaye nilikaa naye tangu utoto hata nikawa kijana wa kujitegemea. Na mtu huyo, ijapokuwa hakupata kuwa padre wala hakuwa na cheo cha kumkalisha kiti cha mbele, ndiye aliyenionyesha kwa mwenendo wake jinsi unyenyekevu na hekima vinavyohitajiana katika maisha ya Mkristo. Alisoma katika chuo cha Kiungani, Unguja, zama za Askofu Frank Weston, akarudi kwao na sanduku la vitabu, akafundisha dini, kusoma na kuimba katika mtaa wetu kwa zaidi ya miaka 40.

Siku hizi nasikia mawaidha mengi mintarafu ya unyenyekevu, na aghalabu anayesifiwa ni mtu wa sauti ya chini, mwenye kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa na kujitaja kwa maneno ya kujidhili. Sina ugomvi na adabu hizo, maana ni sehemu ya malezi yetu sote tuliolelewa na wazee; walakini nimewaona watu wa sauti ya chini ambao mioyo yao ilijaa takaburi, na nimewaona wenye sauti kubwa na maneno makali ambao, ukiwaambia neno la kweli, walikaa wakalisikiliza hata mwisho. Mwalimu wangu alinizoeza kutazama mahali pengine kabisa. Alitaka nitazame mtu anafanya nini pale anapofundishwa na yule ambaye dunia imemweka chini yake, mtoto, mwanamke asiyejua kusoma, kibarua, mgeni wa dini nyingine. Kwani aliamini, nami nimeishi hata nikaamini hivyo, ya kuwa hekima ya Mungu hupenda kupita kwa watu hao, na asiyewafungulia hukaa na ilimu yake peke yake.

Kila Jumamosi, baada ya kengele ya jioni, alichukua daftari lake nami nikachukua kandili, tukaenda mpaka nyumbani kwa bibi mmoja mfinyanzi aliyekaa mwisho wa kijiji, karibu na kijito alikochimba udongo wake. Bibi yule hakupata kuingia darasani hata siku moja, wala hakujua herufi ya kwanza wala ya mwisho. Mwalimu alikaa mkekani, akasoma mahubiri ya kesho yake yote, taratibu, kama anayeyasoma mbele ya askofu, na alipokwisha aliuliza swali lile lile: "Mama, umesikia nini?" Hakuuliza kama ameyapenda, kwa sababu alijua kwamba adabu ingemlazimisha bibi kusema ndiyo. Alitaka kujua ni kitu gani kilichofika.

Nakumbuka vizuri jioni moja alipokuwa ameandika juu ya mfano wa mwanamke aliyepoteza fedha moja katika zile kumi zake. Mwalimu alikuwa ameeleza kwa ufasaha mkubwa habari za fedha za Kiyunani na umaskini wa Wayahudi wa Galilaya, akahitimisha kwamba mwanamke yule alitafuta kwa bidii kwa sababu hakuwa na kitu. Bibi alinyamaza kitambo, huku akifuta udongo mikononi, kisha akasema: "Mwalimu, mwanangu, mimi nimesikia jambo jingine. Huyu amewasha taa, na taa yala mafuta. Amefagia nyumba nzima. Kisha amewaita jirani zake, na jirani wakiitwa kwenye furaha hawaondoki na midomo mikavu. Huyu ametumia kuliko alichokiona. Basi hakuitafuta kwa thamani yake sokoni, aliitafuta kwa kuwa ni yake." Mwalimu alimtazama, akatoa kalamu ya risasi, akakata ukurasa mzima kwa mstari mmoja. Kesho yake, mbele ya watu wote, alihubiri juu ya Mungu asiyehesabu gharama ya mafuta, akasema waziwazi: "Neno hili nimepewa na mama yetu mfinyanzi, aketiye pale karibu na nguzo."

Jambo hili la kumtaja bibi liliwakera wazee kadhaa wa kanisa, waliosema kwamba mwalimu anajishushia heshima, na kwamba watu wakijua mahubiri yametoka kwenye vyungu hawatayaogopa tena. Aliwajibu kwa upole kwa kuwakumbusha Apolo, yule mtu wa Iskanderia ambaye Matendo ya Mitume yanamsifu kwa ufasaha na kwa ilimu ya Maandiko, jinsi alivyosikika akihubiri katika sinagogi la Efeso, na jinsi Prisila na Akila, mtu na mkewe ambao kazi yao ilikuwa kushona mahema, walivyomchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Apolo hakuwauliza wamesoma chuo gani. Tena, alisema mwalimu, Apolo asingekubali kukaa siku ile mbele ya washona mahema, Wakorintho wangepata msemaji hodari wa mambo nusu nusu. Wazee walinyamaza, ingawa nadhani si wote walioridhika.

Padre wa mtaa wetu wakati ule alikuwa kijana msomi, mwenye nia njema na haraka ya kutengeneza mambo. Ililetwa mbele ya baraza lake daawa ya minazi, nayo ilikuwa daawa ya kuumiza, maana ilihusu mjane na shemeji yake, wote wawili watu wa kanisa. Kama ilivyo desturi ya pwani yetu, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyomo ikawa ya mwingine. Marehemu alipanda minazi yake katika shamba la kaka yake kwa ruhusa, na kaka naye akapanda yake humo humo, safu zikachanganyika, na wote wawili walipokuwa hai hapakuwa na haja ya kuuliza. Alipokufa mmoja, yule aliyebaki alidai yote. Padre alisikiliza kwa saa nyingi, kisha akatoa rai kwamba shamba ligawanywe katikati, upande wa mashariki uwe wa mjane na wa magharibi wa shemeji. Ilionekana kuwa hukumu ya insafu, walakini manung'uniko yalisikika pande zote mbili. Hapo mwalimu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, aliinuka akasema: "Baba Padre, kwa idhini yako, naomba aitwe mkwezi."

Wazee walishangaa. Mkwezi mwenyewe alikuwa kijana mdogo, Mwislamu, mtu wa kupanda na kuangua, aliyeishi kwa ujira wa nazi alizopewa kwa kila mti. Wakauliza, mtu kama huyo ana neno gani katika baraza la kanisa? Padre alifikiri kidogo, kisha, na hili nitamsifu nalo siku zote, akamtuma mtu kumwita, na alipofika hakumwacha asimame mlangoni bali alimkalisha mkekani kati ya wazee. Kijana alisikiliza shauri, akaomba twende shambani. Tukamfuata. Akapita safu kwa safu, akigusa mnazi mmoja baada ya mwingine, akisema bila kusita: huu wa marehemu, huu wa kaka yake, huu wa marehemu. Alipoulizwa amejuaje, alisema kwamba kila alipoangua alilipwa na mwenye mti, na kwamba kwa miaka yote ile huyu anayedai alimlipa kwa ile aliyoigusa kuwa yake tu, wala hakupata kumlipa kwa ile mingine. Shemeji alisimama kitambo akitazama chini, kisha akasema, "Kijana amesema kweli." Daawa ikaisha pasipo kiapo, na mjane akapata haki yake mti kwa mti.

Usiku ule tulipokuwa tukirudi, mwalimu alinisimulia habari za Musa na mkwewe Yethro. Musa alikuwa amekwisha kusema na Mungu, alikuwa amewavusha watu baharini, na bado Yethro, kuhani wa Midiani, mtu asiye wa Israeli, alipomwona anajichosha kuhukumu watu tangu asubuhi hata jioni, alimwambia kwamba jambo afanyalo si jema. Na Maandiko yanasema Musa aliisikiliza sauti ya mkwewe, akafanya yote aliyoyasema. Mwalimu alilipenda tendo hilo la Musa kuliko muujiza wa fimbo. Baadaye sana, niliposoma Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, nilikuta katika sura yake ya tatu kwamba kila lilipokuwapo jambo zito katika monasteri abati sharti awaite ndugu wote kwenye shauri, hata mdogo kabisa, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mkwezi, na nikamkumbuka padre pia, ambaye tangu siku ile hakufunga baraza lolote kabla ya kuuliza: "Nani anayejua habari hii naye hajaitwa?"

Lakini hapa yapasa kusema neno jingine, kwa sababu unyenyekevu una jirani wabaya wanaovaa nguo zake. Mmoja ni ule wa maneno matupu. Tulikuwa na mzee mmoja aliyejiita mavumbi na mdudu katika kila sala yake ya hadhara, sala ndefu zilizowaliza akina mama. Na mzee huyo huyo, kijana alipomwuliza kwa heshima juu ya hesabu ya sadaka, alibadilika uso, akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mavumbi hayakasiriki yakiulizwa hesabu. Nimekutana na tabia hiyo katika makanisa mengi tangu siku zile, na naiogopa kuliko kiburi cha wazi, kwa kuwa kiburi cha wazi watu hukitambua wakajihadhari nacho.

Jirani wa pili ni mbaya zaidi, nao ni unyenyekevu unaohubiriwa wanyonge ili wenye nguvu wapumzike. Katika mashamba ya katani yaliyotuzunguka walifanya kazi manamba, watu waliotoka mbali, wenye kulipwa kwa kipande, kadi ile ya siku 30 za kazi ambayo kila siku iliyotimizwa hutiwa alama. Ikatokea katika shamba moja kwamba msimamizi alikuwa akiacha kutia alama za siku zilizofanyiwa kazi, hata mtu akamaliza miezi miwili akahesabiwa kama aliyefanya mmoja. Baadhi yao walikuwa Wakristo, wakaja kulalamika, na mtu mmoja wa kanisa akawaambia wawe wanyenyekevu kama Kristo. Mwalimu alipopata habari hiyo ndipo nilipomwona amekasirika, na ni nadra mno kwangu kumkumbuka katika hali ile. Alisema kwamba Kristo alijinyenyekeza mwenyewe, hakuna mahali alipomnyenyekeza mjane wala maskini. Na kwamba Musa, ambaye kitabu cha Hesabu kinamwita mpole kuliko watu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi, ndiye huyo huyo aliyesimama mbele ya Farao. Akaandika barua kwa mkono wake, siku kwa siku kama wenyewe walivyomhesabia, akafuatana nao mpaka ofisini, akangoja juani pamoja nao, asikubali kiti alichopewa yeye peke yake.

Nadhani jambo hilo alilipata kwa Weston. Askofu yule, aliyekalia kiti cha Unguja tangu 1908 hata alipofariki Hegongo, karibu na Magila, mwaka 1924, alikuwa mtu wa hasira ya haraka na kalamu kali, na waliomchukia walisema hajui unyenyekevu. Walakini mwaka 1916, vita vilipokuwa vimefika kwetu na watu wa Unguja wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, alijitolea kuwaongoza yeye mwenyewe, akatembea pamoja nao njia ile ile; na vita vilipokwisha, alipoona serikali ya taifa lake inataka kuwatumikisha Waafrika kazi za lazima, alitoa kijitabu mwaka 1920 akaishutumu mbele ya watu wake wa Uingereza. Mwalimu alipenda kusema kwamba hasira ya Weston ilikuwa kwa ajili ya wengine, na kwamba mtu apime hasira yake kwa kuuliza inamtetea nani.

Nilipokuwa na umri wa kuelewa, mwalimu alinichukua Unguja kwa jahazi kutoka Tanga, ili nilione kanisa kuu la Mkunazini. Yajulikana kwamba kanisa lile lilijengwa palipokuwa soko la watumwa. Sultani Seyyid Barghash alilifunga soko hilo mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, ambaye amezikwa nyuma ya madhabahu. Mwalimu alinisimamisha hapo kwa muda mrefu, akanieleza mtu huyo alikuwa nani. Alikuwa mwanasheria, mwenye shahada ya udaktari wa sheria ya Chuo Kikuu cha London, naye alipofika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa watoto watano waliookolewa utumwani, waliokabidhiwa kwao na Seyyid Majid. Mtu wa ilimu kubwa kama yule angeweza kuwasemesha kwa Kiingereza, akangoja wamwelewe. Yeye aliketi akajifunza Kiswahili, akawauliza vijana wake, akawauliza waungwana Waislamu wa mjini, akasikiliza ngano zao na kuziandika kama walivyozisema, na mwaka 1870 vikatoka vitabu vyake viwili, kimoja cha kueleza lugha na kimoja cha ngano. Tena alipanga herufi za chapa pamoja na wanafunzi wale wale.

"Mtazame Naamani," mwalimu aliniambia tulipokuwa tumekaa nje, kivulini. Jemadari wa Shamu, mtu mkubwa mbele ya bwana wake, mwenye ukoma. Na aliyemwonyesha njia ya kuponea ni kijakazi mdogo aliyetekwa Israeli, na waliomzuia asirudi na ghadhabu yake, alipoambiwa aoge Yordani, ni watumishi wake. Mara mbili alifundishwa na watu waliokuwa mali yake, na mara mbili akasikia. Mwalimu alisema kwamba katika mji huu, ambapo watoto walipangwa kwa safu wapate kununuliwa, Mungu alimkalisha mtaalamu wa sheria chini ya watoto hao awe mwanafunzi wao, na kwamba yeye binafsi hakuona muujiza mkubwa kuliko huo katika kanisa zima. Katika hao waliokombolewa wakiwa watoto alitokea baadaye Cecil Majaliwa, Myao, aliyesoma Kiungani na hata Canterbury, akapewa upadre mwaka 1890, akafanya kazi kwa Wayao wenziwe wa Chitangali. Mwalimu alilitamka jina hilo kwa taadhima ileile aliyolitamkia jina la Steere.

Ndani, karibu na mlango, zipo nguzo ambazo wasimulizi husema ziliwekwa kichwachini, eti mafundi walizisimamisha hivyo askofu alipokuwa safarini. Wageni huonyeshwa nguzo hizo wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema kwamba ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi askofu aliporudi alikuwa na amri ya kuzibomoa, na fedha za watu, na mafundi wa kuwaaibisha. Naye aliziacha, kwa maana alijua kipi kinaangusha nyumba na kipi kinagusa fahari ya mwenye kuijenga tu. Mtu mwenye kiburi, alisema, hawezi kupambanua mambo hayo mawili, kila kosa la mwenziwe huliona kuwa ufa wa msingi.

Katika mtaa wetu Alhamisi Kuu padre huosha miguu ya watu 12, na kila mwaka waliochaguliwa walikuja wamekwisha kuoshwa kwao kwa sabuni, wamepakwa mafuta, hata maji ya bakuli yakamwagwa yakiwa safi kama yalivyotekwa. Mwaka mmoja mwalimu, aliyekuwa na kazi ya kuwachagua, aliweka katika hao mmoja wa wale manamba, ambaye miguu yake ilikuwa imechomwa na miiba ya katani na ina vidonda. Yule mtu alipoona bakuli linakaribia alirudisha miguu chini ya benchi, akatikisa kichwa kwa haya. Mwalimu akainama nyuma yake akamnong'oneza. Nami nilikuwa karibu, nikasikia. "Hata Petro alikataa, ndugu yangu. Kisha akakubali." Mtu akatoa miguu yake. Padre aliosha polepole, kwa sababu ya vidonda, na kanisa zima lilingoja.

Jambo hilo lilinifundisha kwamba kupokea ni kazi ngumu kuliko kutoa, khasa kwa mtu aliyezoea kutoa. Na nililiona tena kwa mwalimu mwenyewe uzeeni. Miguu yake ilipokataa kumchukua, na macho yake yakaingia mtoto wa jicho, wanafunzi wake wa zamani tulifanya zamu ya kumwogesha na kumlisha. Nimewahudumia wazee wengine ambao huomba radhi kila wanapoguswa, wakarudia kusema kwamba wamekuwa mzigo, hata anayewahudumia akachoka kwa kuwafariji kuliko kwa kuwaogesha. Mwalimu hakuomba radhi. Aliinua mkono apate kusuguliwa, akashukuru mara moja, akaendelea na mazungumzo.

Katika miezi hiyo ya upofu msichana mmoja, mjukuu wa jirani, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya masista Magila, alikuwa akija asubuhi kumsomea Injili. Ilikuwa majira ya Majilio, nao walikuwa katika Mathayo, sura ya pili. Akasoma kidogo, akanyamaza, akarudi nyuma, akasema: "Babu, mbona hapa mamajusi hawakutajwa kuwa watatu? Wala sioni mahali walipoitwa wafalme." Mwalimu akamwambia asome tena. Akasoma. Akamwambia asome mara nyingine, polepole zaidi, naye akageuza sikio upande wake kama anayesikiliza mlango. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa amewafundisha wakatekumeni wafalme watatu, akawavika watoto watatu mashuka na mataji ya karatasi kila Krismasi, na nusu ya kijiji ilikuwa imeyapata hayo kinywani mwake.

"Zawadi ndizo tatu," alisema mwisho. "Dhahabu, uvumba, manemane. Nikahesabu zawadi nikadhani nimehesabu watu." Kisha akafurahi, furaha ya dhahiri, akamshika msichana mkono akamwambia: "Kesho utakwenda darasani kwa wakatekumeni uwaeleze. Mimi watanibeba, nitakaa nyuma nisikie." Msichana akaingiwa na hofu, akasema hawezi kuwasahihisha watu wazima mambo waliyofundishwa na mwalimu wao. Mwalimu akamjibu kwamba hawasahihishi wao, anamsahihisha yeye, na yeye ameomba.

Kesho yake alibebwa kwenye kiti. Msichana alisoma mlango wote kwa sauti iliyotetemeka mwanzo, kisha ikatulia. Mzee mmoja, mcha Mungu kweli wala simsemi kwa ubaya, alisimama akasema kwamba si vema kuwafadhaisha watu kwa jambo dogo, kwa kuwa kijiji kizima kinajua watatu. Mwalimu akasema kutoka nyuma: "Kinajua watatu kwa sababu mimi nilikifundisha watatu, ndugu yangu. Aliyekifundisha ndiye impasaye kukifundisha upya, maadamu bado yu hai." Akaomba asomewe tena mstari ambapo mamajusi wanafika Yerusalemu, akauliza darasa: hawa walikuwa watu gani? Wakasema, wenye hekima. Akauliza: na neno lao la kwanza katika Injili ni nini? Darasa likatafuta, likakuta kwamba ni swali. Wenye hekima wameingia mji wa kigeni wakauliza njia. Akauliza tena: waliokuwa na jibu ni nani? Wakasema, makuhani na waandishi waliokusanywa na Herode, walioujua unabii wa Mika, wakautaja mji wa Bethlehemu bila kukosea. Nao walikwenda? Darasa likapekua, hakuna aliyepata mahali ambapo waandishi walikwenda.

Mwaka ule alimpa msichana kazi ya kuupanga mchezo wa Krismasi. Mamajusi wakawa wengi, kila mtoto asiye na sehemu nyingine alijifunga shuka akawa mmojawapo, wakashuka katikati ya kanisa wakielekea mabenchi ya mbele walipoketi wazee, wakasimama mbele yao wakauliza wote kwa sauti moja yuko wapi aliyezaliwa. Wazee hawakuwa wameambiwa. Wakatazamana, kisha yule yule aliyepinga darasani akajibu, kwa kuwa Maandiko aliyajua vizuri, kwamba ni Bethlehemu ya Uyahudi; na watoto wakashukuru, wakageuka kwenda horini. Ndipo mwalimu, aliyekuwa kwenye kiti chake kando ya mimbari, akaita kwa sauti aliyokuwa nayo siku za nguvu zake: "Wazee, msikae! Waliokaa ni wale wa Herode. Inukeni mwende nao." Yule mzee akainuka wa kwanza, akachukua mkono wa mtoto mmoja, na wengine wakamfuata.